Jinsi ya Kupoza Masufuria Makubwa ya Chakula Bila Kukiharibu na Bila Kuungua: Mwongozo Kamili kwa Wafanyakazi wa Jikoni

Kupika watu wanajua. Shida inaanzaga jiko likishazimwa, sufuria la maharage la lita 30 limebaki pale juu, shifti imeisha, kila mtu anawaza usafiri, mmoja anasema "liache lipoe, asubuhi tutalichemsha tena". Na asubuhi linachemshwa kweli, linanukia vizuri tu, linauzwa, jioni wateja wanaharisha na hakuna anayeelewa imekuwaje wakati chakula kimechemka mara mbili.

Maelekezo ya "poza haraka weka kwenye friji" kila mtu ameshayasikia ila bado watu wanakosea palepale, kwa sababu hakuna anayewaambia haraka ni muda gani, wala wafanye nini na chombo kizito cha moto ambacho kikiinama vibaya kinawamwagikia miguuni. Twende taratibu, chakula na ngozi yako vyote viwili.

## Andaa hivi kabla hujazima jiko

Ukianza kutafuta vitu wakati chakula kishaiva umechelewa tayari. Viwe tayari mezani:

- Themometa ya chakula yenye sindano ya kuchoma, ile ya ukutani au ya kupimia homa haifai
- Trei za chuma zisizo na kina kirefu, nyingi kuliko unazodhani utahitaji
- Barafu iliyotengenezwa kwa maji safi ya kunywa, kwa lita 10 za supu weka hesabu ya kilo 6 au 7
- Sinki kubwa lililosafishwa, au beseni pana ambalo sufuria linaingia
- Jagi la chuma lenye mpini au upawa mkubwa
- Mwiko mrefu msafi ambao haujashika kitu kibichi
- Vitambaa vizito VIKAVU au glavu za joto
- Viatu vilivyofunika vidole na visivyoteleza, aproni
- Stika na maka peni, daftari la joto, saa
- Nafasi kwenye friji. Hii watu wanasahau kuliko zote, trei zipo, barafu ipo, friji imejaa kreti za soda

Friji yenyewe isome nyuzi 5 au chini ya hapo. Usiamini kitufe cha mlangoni, weka themometa ndani.

## Kwanini kuchemsha tena hakuokoi

Hapa nakaa kidogo maana ukikaelewa haka hata bosi akikuharakisha utajua cha kumjibu.

Kuna bakteria wanaitwa Clostridium perfringens, wanapenda nyama, mchuzi mzito, maharage. Wanaweza kujifungia ndani ya gamba gumu na kuchemsha kwa kawaida hakulivunji gamba hilo. Chakula kikichemka wadudu wengine wanakufa, hawa wanabaki wamejikunja, alafu joto likishuka wanaamka na kukuta sufuria zima ni lao, hakuna mshindani. Kwenye joto la kama nyuzi 43 mpaka 47 wanaweza kuongezeka mara mbili kila dakika 10 hivi, sasa piga hesabu ya usiku mzima.

Kwenye wali kuna mwingine, Bacillus cereus, naye ana gamba hilohilo ila balaa lake ni sumu. Ile sumu yake ya kutapisha haivunjwi na moto wa jikoni, imewahi kupashwa nyuzi 121 kwa dakika 90 ikabaki vilevile. Yaani wali uliolala mezani ukaukaanga asubuhi, wadudu unaua, sumu unampelekea mteja ikiwa ya motomoto. Staphylococcus kutoka puani na kwenye vidonda vya mikono naye sumu yake inavumilia kuchemshwa.

Na hakuna harufu. Chakula cha namna hii kinaweza kuwa kitamu kabisa, kwa hiyo kuonja ili kupima usalama acheni jamani, mnajiumiza tu.

## Namba zenyewe

Kati ya nyuzi 60 na nyuzi 5 ndo eneo la hatari. Chakula kinatakiwa kilipite hilo eneo kikikimbia:

Kutoka nyuzi 60 mpaka 21 kwa masaa 2, isizidi. Kutoka 21 mpaka 5 au chini kwa masaa mengine 4. Jumla masaa 6.

Kanuni za FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, zinaanzia nyuzi 57, mimi naanzia 60 kwa sababu ndo namba ya Shirika la Afya Duniani na ni rahisi kukumbuka. Kama sheria za unapofanyia kazi ni kali zaidi ya hizi, fuata hizo. Masaa 2 ya kwanza yamebanwa kwa sababu ndo chakula kinapita kwenye joto wadudu wanalolipenda zaidi, na ndo hapohapo jikoni kuna fujo ya kufunga.

## Hatua ya 1: Pima themometa yako

Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, chomeka sindano katikati bila kugusa glasi, subiri itulie. Isome 0. Ikisoma 2 au 3 irekebishe kama ina sehemu ya kurekebishia, kama haina ibadilishe.

Kuna wanaopima kwa maji yanayochemka, sawa, lakini kumbuka ukiwa sehemu ya mwinuko maji hayafiki 100, yanapungua kama nyuzi 1 kila mita 300 za kupanda. Barafu haina usumbufu huo.

Ukipima chakula choma katikati, sehemu nene kabisa, sindano isiguse chuma cha sufuria. Futa sindano kwa kitambaa chenye spiriti kila unapohama kutoka chakula kimoja kwenda kingine.

## Hatua ya 2: Osha mikono upya

Najua uliosha asubuhi. Osha tena, sabuni, sekunde 20, katikati ya vidole na chini ya kucha, kausha kwa karatasi sio kwa aproni. Chakula unachokwenda kukishika kimeshamaliza kupikwa, unachokiwekea kwa mkono sasa hivi kinabaki humo.

Una kidonda? Plasta isiyopitisha maji, glavu juu yake. Unaharisha au unatapika? Hauko jikoni leo, na usirudi mpaka yapite masaa 48 tangu dalili ziishe, hata kama unajisikia mzima. Mameneja mnaowalazimisha watu waje wakiumwa, mteja mmoja kurudi na karatasi ya hospitali kunawagharimu kuliko shifti moja.

## Hatua ya 3: Gawanya chakula, usibebe sufuria

Hapa ndo wengi wanafeli mara mbili kwa mpigo, chakula hakipoi na mtu anaungua.

Sufuria kubwa lililojaa limejifunika blanketi lake lenyewe, pembeni panapoa, katikati pamebaki pa moto masaa na masaa. Kwenye vyakula vizito ukiongeza kina mara mbili muda wa kupoa unakaribia kuwa mara nne. Ndo maana trei ya sentimita 5 inashinda sufuria dogo la sentimita 15 hata kama vyote vimeingia friji moja. Kinachoangaliwa ni kina cha chakula, ukubwa wa chombo achana nao.

Fanya hivi:

Zima moto kabisa, gesi funga. Fungua mfuniko ukiuinulia upande wa mbali na uso wako ili stimu itokee kule. Subiri kidogo mapovu yatulie. Alafu chota kwa jagi ujaze trei moja moja, trei ikiwa imekaa mezani karibu na jiko, mchuzi mzito na maharage kina kisizidi sentimita 5, supu nyepesi inaweza kufika 7. Nyama kubwa ikate vipande, wali usambaze mwembamba bila kuushindilia.

Kama hakuna jinsi lazima sufuria lihamishwe, watu wawili, njia iwe wazi, sakafu kavu, mlango umeshafunguliwa na mtu wa tatu anapiga kelele "moto unapita!" Inua kwa magoti mgongo ukiwa umenyooka. Na vitambaa viwe vikavu, kitambaa kibichi kikishika chuma cha moto joto linapita mara moja mpaka kwenye kiganja na utaachia sufuria bila kupenda.

Umefanikiwa ukiona sufuria tupu limebaki jikoni, trei zimejaa nusu nusu na sakafu haina tone. Ikiwa ina tone futa sasa hivi, sio ukimaliza, mafuta ya mchuzi kwenye vigae ndo yanayoangusha watu.

## Hatua ya 4: Bafu ya barafu kwa vitu vya majimaji

Supu, mchuzi, uji, maharage yenye maji mengi haya ndo yanapenda hii njia. Kuna ujanja wa kuokoa barafu: anza na maji ya bomba ya kawaida. Chakula kikiwa bado juu ya nyuzi 60 hakipo kwenye hatari, kwa hiyo zungushia maji ya bomba yakushushie kutoka 90 mpaka karibu na 60, mwaga hayo maji yaliyopata moto, ndo sasa uweke barafu na maji mapya. Ukimwaga barafu yote mapema kwenye chakula cha nyuzi 90 itaisha kabla kazi haijaanza.

Barafu na maji vifike usawa wa chakula ndani ya chombo, visipite ukingo visije vikaingia ndani. Barafu peke yake bila maji haishiki vizuri, inaacha mianya ya hewa.

Koroga kila dakika 10, mwiko ukwangue chini na pembeni. Hii kukoroga watu wanaiona ya kijinga na wanaiacha, wakati ndo inayotoa joto la katikati kulileta pembeni penye baridi.

Njia nyingine nzuri kwa supu: pika ikiwa na maji pungufu, mwishoni jazia kwa barafu safi badala ya maji. Inafanya kazi kama ulipanga toka mwanzo, ukiamua katikati utapata supu ya maji.

## Hatua ya 5: Saa inaanza kuhesabu nyuzi 60

Sio ulipozima jiko na sio ulipomaliza kuchota. Pima, ikigonga 60 andika muda kwenye daftari. Jina la chakula, muda wa 60, jina lako.

Andika muda kwa mtindo mmoja jiko zima. Huyu akiandika "saa 2" akimaanisha usiku na yule akisoma 2:00 ya kwenye simu mtachanganyana na chakula kitakaa masaa 6 ya bure. Chagueni, mimi napendelea ya simu, 20:00, haina ubishi.

Pima tena baada ya saa moja. Kama bado ipo nyuzi 45 hapo na umebakiwa na saa moja, ongeza barafu, punguza kina, hamishia kwenye trei zaidi. Usisubiri masaa 2 yaishe ndo ushtuke.

Kufanikiwa: nyuzi 21 au chini, katikati ya trei nene kuliko zote, ndani ya masaa 2.

## Hatua ya 6: Friji

Kuna imani kwamba chakula lazima kipoe kabisa nje ndo kiingie friji. Hapana. Kikifika 21 kiingize, na ukikiacha nje kiendelee kupoa kwenye jiko lenye joto la nyuzi 30 hakitashuka chini ya 30 hata ukikisubiri mpaka asubuhi.

Ila kilichokatazwa ni kusukuma sufuria zima la moto ndani. Litapasha joto kila kitu jirani, maziwa, nyama, saladi, na lenyewe litabaki la moto katikati.

Trei zikae na nafasi pande zote hewa ipite, usizipandishe moja juu ya nyingine. Zikiwa bado vuguvugu ziache wazi au funika kwa kulegeza kwenye shelfu ya juu ambako hakuna kitu cha kudondokea, zikishapoa ndo ufunike kabisa. Kibichi chote kinakaa chini ya kilichopikwa, damu ya kuku haipandi juu, inadondoka.

Ndani ya masaa mengine 4 zisome 5 au chini. Kama mnafunga jiko kabla ya hapo, basi panga kupika mapema zaidi au tumia barafu mpaka zifike 5 kabla ya kuondoka. Kuandika namba ya kubuni kwenye daftari ili uende nyumbani naijua hiyo, mkaguzi naye anaijua, namba zote zikiwa 5 kamili kila siku kwa maka peni ileile haihitaji akili nyingi.

## Hatua ya 7: Stika

Jina, tarehe na muda wa kupikwa, tarehe ya mwisho. Kanuni za FDA zinaruhusu mpaka siku 7 kwenye nyuzi 5, siku ya kupika ikiwa ya kwanza, lakini hiyo ni kwa friji isiyofunguliwa kila dakika 2. Friji nyingi za kazini nisingezipa zaidi ya siku 3. Wali ndani ya siku moja, basi. Listeria, bakteria mwingine wa chakula, anazaliana hata kwenye baridi ya friji, taratibu lakini anazaliana.

Kisicho na stika kinamwagwa. Usiulize "hiki cha lini?" maana daima kuna mtu atakujibu "cha jana".

## Hatua ya 8: Kupasha kesho yake

Toa unachokwenda kuuza tu, usipashe trei zima urudishe nusu. Pasha kwenye moto wa jiko mpaka katikati ifike nyuzi 74, ndani ya masaa 2, ukikoroga. Meza ya kuwekea chakula kiwe moto haipashi, inashikilia tu joto lililopo, ukiweka chakula cha baridi pale kinakaa masaa kwenye 40 na unarudi kulekule. Baada ya 74 kishikilie juu ya 60 mpaka kiishe.

Kupasha ni mara moja. Kilichobaki jioni baada ya kupashwa kinakwenda kwenye pipa.

## Ukiungua

Fungua bomba la maji ya baridi ya kawaida, weka sehemu iliyoungua chini yake dakika 20 kamili. Dakika 20 ni ndefu, wenzako watakuita, kaa hapohapo. Vua pete, saa na bangili mapema kabla hapajavimba. Usipake dawa ya meno, mafuta, siagi wala asali, usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi, usipasue malengelenge. Funika kwa nailoni safi ya kufunikia chakula bila kukaza. Kama ni usoni, mkononi, kwenye kiungo au ni kubwa kuliko kiganja chako, hospitali.

Mafuta ya kukaangia yakishika moto ni habari nyingine: zima gesi kama unaifikia bila kupitisha mkono juu ya moto, funika na mfuniko, ondoka, na maji usiyasogeze kabisa. Maji yanageuka stimu ghafla na kurusha mafuta yanayowaka jiko zima.

## Ikikwama njiani

Masaa 2 yamekaribia na bado ipo juu ya 21. Kama muda haujapita una nafasi moja: pasha mpaka 74, anza upya na trei nyembamba zaidi. Kama umeshapita, mwaga.

Imefika 21 kwa wakati ila masaa 6 yameisha haijafika 5. Mwaga. Na angalia friji, mara nyingi imejaa kupita kiasi au mpira wa mlango umechoka.

Umeme umekatika. Usifungue mlango. Friji iliyofungwa inashika baridi kama masaa 4. Ukirudi pima chakula chenyewe, kilichokaa juu ya nyuzi 5 zaidi ya masaa 2 usikiuze.

Umekuta sufuria limelala juu ya jiko na hujui nani kaliacha. Usionje, usichemshe, usimpe mlinzi. Mwaga, osha sufuria kwa sabuni, suuza, alafu klorini: kama ile unayonunua ni ya asilimia 5 weka mililita 2 kwa lita ya maji, acha likauke lenyewe. Klorini usiichanganye na siki wala sabuni ya choo yenye asidi, inatoa gesi inayobana kifua.

Bosi anasema kumwaga ni hasara. Mpe daftari aweke sahihi yake pembeni ya ile namba kwamba yeye ndo karuhusu kiuzwe. Wengi wakifika hapo kwenye kusaini wanakwambia mwaga tu.